Saa za Kifaransa za juu ya meko: shaba yenye dhahabu, zinki au jiwe jeusi, uchukue ipi?

Dada yangu wa Tanga kanitumia picha mbili juzi usiku pamoja na voisi ya dakika nne, kapata mtu huku Ulaya anauza saa za kale za Kifaransa, zile za kuweka juu ya kabati, zote mbili bei moja. Ya kwanza kubwa, dhahabu tupu, juu kuna shujaa kapanda farasi na maua kila kona. Ya pili ndogo tu, nguzo nne, kofia juu, pendulamu, ile fimbo inayobembea, inaning'inia katikati ya nguzo basi. Roho yake ishaenda kwa ile kubwa. "Kaka we uko hukohuko, hebu nitazamie nisije nikaliwa pesa." Nikamjibu kwa voisi ndefu kuliko yake, na tangu hapo shangazi naye anauliza, na jirani yao anauliza, kwa hiyo naandika yote kwa mpigo mmoja.

Hizi saa Wafaransa wanaziita pendule, na nyingi zilitengenezwa zikae kwenye rafu iliyo juu ya meko ya ukutani, pale sebuleni ambapo kila mgeni lazima atazame. Sisi meko ya ukutani hatuna lakini mahali pa pambo hatujawahi kukosa, nyumba za zamani za pwani zina zidaka ukutani, za siku hizi zina kabati la vyombo, na saa ya aina hii inakaa vizuri kote kuwili mradi upime upana kabla hujalipa.

Sasa kuna jambo moja linalobadilisha hesabu yote na wauzaji wengi hawakwambii: mashine ya ndani, kwa zile saa za kuanzia katikati ya karne ya 19, ni karibu ile ile kwenye saa zote. Ukifungua mlango wa nyuma unakuta mashine ya duara, sahani mbili za shaba, kamani (springi) mbili, moja inazungusha mishale na nyingine inagonga kengele, saa kamili inagonga hesabu yake na nusu saa inagonga moja, unatia ufunguo mara moja kwa wiki imetosha. Viwanda kama Japy Frères wa Beaucourt na Samuel Marti walizitoa kwa wingi mno wakawauzia mafundi wa makasha wa Paris, na fundi akaitia anapotaka mwenyewe, kwenye shaba, kwenye zinki, kwenye jiwe, kwenye kaure. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ina mashine ya Japy orijino" asikupagawishe, ni mashine nzuri kweli, imara, fundi saa yeyote mzoefu anaielewa, ila hata saa ya bei ya chini kabisa inayo. Unacholipia ni mwili. Na mwili ndo sanaa yenyewe.

Nianze na shaba yenye dhahabu maana ndo kipimo cha nyingine zote. Pale Paris sanamu inamiminwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, inatoka kwenye kalibu ikiwa chafu na ina vipele, halafu anaingia mtu wa tindo, anakaa na kile kipande siku nyingi anachonga upya kila unywele, kila kucha, kila mkunjo wa nguo. Akimaliza ndo kinapelekwa kwa mpakaji wa dhahabu, na hapa ndo pa kusikitisha. Dhahabu inachanganywa na zebaki mpaka inakuwa kama siagi, inapakwa juu ya bronzi kwa brashi, kisha kitu kizima kinapelekwa motoni, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki imeshika kwenye chuma chenyewe. Ule moshi wanauvuta nani? Wapakaji. Mikono ilitetemeka, meno yaling'oka, wengi hawakuzeeka. Antoine-André Ravrio, mmoja wa mafundi wakubwa wa bronzi enzi za Napoleon, aliyaona haya kwenye karakana, na alipofariki mwaka 1814 aliacha kwenye wosia wake faranga 3,000 ziwe zawadi kwa atakayebuni njia ya kuwakinga wapakaji na zebaki. Zawadi akaja kuichukua mkemia d'Arcet, kwa tanuru lenye mvuto wa hewa unaoutoa moshi nje. Mimi kila nikiiona saa ya namna hii namkumbuka Ravrio kabla ya kukumbuka mfalme yeyote.

Matokeo ya kazi ile huwezi kuyafananisha na kingine. Dhahabu ya zebaki ina sehemu zimesuguliwa zikang'aa kama kioo na sehemu zimeachwa zimefifia kama ngozi ya embe bivu, na fundi anazipanga kwa makusudi, uso umefifia, kilemba kinang'aa, ili taa ya mshumaa ikipita vitu viwe kama vinapumua. Majina ya kuyajua hapa ni Pierre-Philippe Thomire, Claude Galle, na huyo Ravrio mwenyewe. Ukikutana na kazi ya Thomire mnadani usijisumbue kunyoosha mkono, hiyo ni ya makumbusho na matajiri, lakini kuna saa ndogondogo za bronzi zisizo na jina la mtu, za nguzo au za umbo la kinubi, mtu wa kawaida akijikusanya anazifikia.

Zinki sasa. Wafaransa wanaiita régule, ni madini ya zinki yaliyochanganywa, yakapakwa rangi ya dhahabu au ya bronzi nyeusi, na kuanzia katikati ya karne ya 19 zikatoka saa za hivi kwa maelfu maana tabaka la kati Ulaya lilikuwa linakua na kila nyumba inataka sanamu juu ya meko. Zinki inayeyuka kwenye digrii kama 420 tu, bronzi inataka karibu 950, kwa hiyo kuimimina ni rahisi, kalibu inadumu, na unatoa sanamu mia zinazofanana bila kumlipa mtu wa tindo. Wala haikuwa wizi, wakati ule kila mtu alijua ananunua nini na bei ilisema. Wizi ni wa leo, mtu anapoiandika "bronzi" huku akijua sio.

Ukiziweka hizi mbili pamoja mezani tofauti inaanza kuonekana hata bila kuzigusa. Tazama vidole na uso. Kwenye bronzi vidole vimetengana, kope zina ncha, nywele unaweza kuzihesabu, kwenye zinki kila kitu kama kimelainishwa, kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Halafu gonga taratibu kwa kucha, bronzi inalia ngiii kama kengele ya mbali, zinki inasema dup. Uzito nao, bronzi ni nzito kwa saizi ile ile, ila huu usiutegemee peke yake maana saa nyingi za zinki zimekalishwa juu ya jiwe zito. Kipimo cha uhakika kabisa ni chini ya kitako au ndani pasipoonekana, tafuta mahali palipokwaruzika: njano au wekundu ni bronzi, kijivu cheupe kama sufuria ya alumini ni zinki. Sumaku achana nayo, haishiki hata moja kati ya hizo mbili.

Na dhahabu yenyewe isome. Ile ya zebaki ilikuwa ghali kwa hiyo mara nyingi nyuma na ndani hawakupaka, unakuta shaba tupu imefanya kahawia. Ile ya kuchovya kwa umeme, iliyoanza kushika kwenye miaka ya 1840, mara nyingi imekaa sawasawa kila mahali kama rangi ya gari, haina ule mchezo wa kung'aa na kufifia. Rangi ya dhahabu isiyo dhahabu inageuka kahawia na kubanduka kwenye pua na magoti.

Nimewahi kununua ya zinki nikidhani bronzi, hapa Brussels, soko la mitumba la asubuhi pale Place du Jeu de Balle, binti kashika kapu la zabibu, nikaupenda mkono wake kwanza. Nilikuwa na haraka sikugeuza chini. Nyumbani natoa gazeti nililofungia nikakuta ule mkono umekatika kwenye kiwiko na ndani ni kijivu. Zinki ndivyo ilivyo, haipindi, inakatika, na kuilehemu ni shida kubwa maana ukizidisha moto kidogo tu na sanamu nayo inayeyuka. Fundi aliniambia bora gundi. Bronzi ikianguka inapinda, fundi anainyoosha, maisha yanaendelea.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani zinki haifai. Kama unataka kitu kikubwa cha kujaza nafasi, bajeti ni ndogo, saa haitahamishwahamishwa na watoto hawaifikii, zinki nzuri ya enzi za Napoleon wa Tatu, yaani 1852 hadi 1870, inapendeza sana hasa ikiwa bado ina kuba lake la kioo. Lipa tu bei ya zinki.

Jiwe jeusi ndo ninalolitetea kila siku na watu hawanisikilizi. Hizi ni saa za umbo kama hekalu dogo au kama sanduku lenye ngazi, nyeusi tii, wauzaji wanasema marumaru au sleti ila lile lililo bora ni chokaa gumu sana la Ubelgiji, linachimbwa upande wa Namur, likisuguliwa linakuwa kama maji ya kisima usiku. Nyingine zina mistari ya marumaru ya kijani au nyekundu imepachikwa, nyingine michoro imechorwa ndani ya jiwe ikatiwa dhahabu. Hapa Ulaya zimeshuka thamani mpaka unasikitika, unaipata ya kufanya kazi chini ya euro 100 asubuhi nzuri, na ndani mashine ni ile ile ya Japy au Marti niliyosema. Kwa kutunza saa ya kweli kweli ndo bora maana kasha ni zito, halitikisiki, pendulamu inatulia. Ubaya wake ni huo huo uzito, kubwa zake mtu mmoja hainui peke yake, na nauli ya kutuma Afrika Mashariki inaweza kuzidi bei ya saa yenyewe mara kadhaa. Kingine, kasha ni vipande vya jiwe vilivyounganishwa kwa plasta, ikigongwa kona inamegeka na kinachobaki ni kijivu.

Kuna aina moja nawaomba msinunue kupeleka nyumbani hata mkipewa bei poa, nayo ni Boulle, inaitwa hivyo kwa fundi André-Charles Boulle wa enzi za mfalme Louis wa 14. Kasha la mbao limefunikwa lote kwa gamba jekundu lenye michoro ya shaba imepachikwa ndani yake kama dantela, na ule wekundu unatokana na rangi iliyopakwa chini ya gamba. Ni nzuri sana, nakiri. Lakini gamba lile kwa kawaida ni la kasa ng'amba, yule yule wa bahari yetu, na ng'amba analindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukivuka nalo mpaka bila vibali wanakunyang'anya na una kesi. Hata ungekuwa na vibali, joto na unyevu wa pwani unaifanya mbao ivimbe na kunywea, gundi inaachia, zile shaba nyembamba zinaanza kunyanyuka moja moja kama magamba ya samaki. Ng'amba aliyetoka baharini akarudi kwenye hewa ya bahari kuharibika, inauma.

Turudi kwa dada maana ana swali lake jingine, na naona ndo zito zaidi kwa nyumba nyingi za kwetu: sanamu. Mume wake hataki sanamu sebuleni, na hata wasio na katazo la dini hawataki mgeni anakaa anatazamana na mungu wa Kigiriki hana nguo. Mjue hili halikuanza na sisi. Ikulu ya Marekani ilipochomwa na Waingereza mwaka 1814, Rais Monroe baadae aliagiza samani na saa Ufaransa, zikafika 1817, na mawakala wake wakapata taabu kweli kutafuta saa zisizo na watu uchi, ikaishia kupelekwa saa zenye Hannibal, jemadari wa kale wa Karthago, na Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, wote wamevaa. Sasa ukitaka saa isiyo na mtu hata mmoja, ya nguzo nne ndo jibu, au jiwe jeusi lisilo na sanamu juu, au zile za vioo pande zote nne ambapo pambo ni mashine yenyewe inayoonekana.

Na kuna sanamu nyingine nataka mzijue mapema msije mkakutana nazo ghafla. Mwaka 1799 Jean-Simon Deverberie wa Paris alisajili michoro ya saa alizoziita "Afrika" na "Amerika", mwanamke mweusi wa bronzi iliyotiwa giza, macho meupe ya enameli, sketi ya manyoya ya dhahabu, upinde mkononi, kakalishwa juu ya saa. Ufundi wake ni wa juu mno, zinauzwa pesa nyingi mno, na zilitengenezwa kwenye nchi ambayo ilikuwa imefuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1794 na ikaja kuurudisha 1802. Nilisimama mbele ya moja dakika nyingi. Ningependa kila mtu wetu aione, imewekwa makumbusho na maelezo yake pembeni. Kwenye kabati langu hapana, yule dada amekalishwa pale awe kitu cha kutazamwa na watu ambao hawakumjua jina, na mimi sitamkalisha tena.

Hali ya hewa ni ya kuangalia pia. Saa za kabla ya katikati ya karne ya 19 pendulamu inaning'inia kwa uzi wa hariri, na hariri inavuta unyevu, kwa hiyo mvua za masika zikianza saa inabadili mwendo. Baadae akaja fundi saa Achille Brocot na mtindo wake wa kuning'iniza kwa ubati mwembamba wa chuma, unaurekebisha mwendo kwa mbele, kuna kitundu kidogo juu ya namba XII, unaingiza upande mdogo wa ufunguo unazungusha. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja anayetaka saa ya kusoma muda, tafuta hicho kitundu. Anayetaka pambo kwanza na muda baadae, hariri haina tatizo, uzi ukikatika unabadilishwa kwa senti chache. Adui mkubwa wa pwani ni hewa ya chumvi inayokula vyuma vidogo ndani, kuba la kioo linasaidia, kufungua dirisha la baharini mbele ya saa hakusaidii.

Basi nikamwambia dada aombe picha tatu kabla ya yote: chini ya kitako, sahani ya nyuma ya mashine, na nyuma ya pendulamu. Kwenye sahani mara nyingi kuna namba ya mashine, na pendulamu yake halisi huwa imepigwa namba hiyo hiyo, zikitofautiana ujue pendulamu imetoka saa nyingine na itasumbua kwenda sawa. Ukiona namba mbili ndogo peke yake, kama 4 na 6, huo ni urefu wa pendulamu kwa vipimo vya zamani vya Kifaransa. Na matundu ya funguo yakiwa matatu badala ya mawili, kimbia, kwa kawaida hiyo ni ya karne ya 20, mashine ya Kijerumani ndani ya kasha jipya la shaba, hata muuzaji akikwambia ni ya Napoleon.

Picha zikaja jana. Ile kubwa, chini ya kwato ya farasi, kijivu. Zinki. Ile ndogo chini ni njano ya shaba, nguzo zina sehemu za kung'aa na sehemu za kufifia, nyuma hawakupaka kitu, namba ya mashine na ya pendulamu ni moja, uzi ni wa hariri. Na bei ya zote mbili ni ile ile moja. Dada kakaa kimya kidogo akasema lakini ile kubwa ingejaza kabati. Nikamwambia ni kweli ingejaza, na kama kujaza ndo shida basi chukua jiwe jeusi kwa nusu ya hiyo pesa, lakini kwa bei hii ile ndogo kuna mtu alikaa nayo na tindo siku nyingi na mwingine aliivutia moshi, kubwa haina hata mmoja wa hao. Kachukua ndogo. Shemeji kafurahi hakuna farasi.

Sasa ikifika, muuzaji awe ameshatoa pendulamu na kengele akazifunga pembeni, akisafirisha zikiwa zinaning'inia uzi utakatika au vyuma vitapinda. Iwekwe juu ya kabati lisiloyumba, ipimwe kwa pima maji, halafu asikilize: tik na tak ziwe na nafasi sawa. Ikisikika kama mtu anachechemea itasimama ndani ya dakika chache na watu watasema ni mbovu, kumbe inatakiwa kunyanyuliwa kidogo upande mmoja kwa kipande cha karatasi. Asiisafishe kwa dawa ya kung'arishia shaba hata siku moja, inakula dhahabu yote, vumbi lipigwe kwa brashi laini na kazi ya maji aachiwe fundi. Mshale mkubwa ausogeze mbele tu, na kila ukifika nusu na saa kamili asubiri kengele imalize kugonga ndo aendelee, asipofanya hivyo kengele itaanza kuhesabu tofauti na mishale.

Na kaniuliza aiweke kwa saa za Kizungu au zetu. Yangu nimeiweka kwa zetu, saa moja asubuhi inagonga moja. Mashine haijali.